Asidi Aliyoiita Dhaifu

Tulimwita Bi Tone kwa namna alivyotusimamia maabara. Ukishika ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, ukaifungua koki kwa pupa, ulimkuta keshafika begani kwako. "Tone, mwanangu. Tone. Hujaja kuosha vyombo hapa." Halafu anasimama nawe, kimya, mpaka maji ya kwenye chupa yaanze kugeuka rangi ya waridi kwa mbali, na hapo ndipo anapokuacha upumue.

Tulidhani hajui jina hilo tulilompa. Siku moja aliandika ubaoni kazi ya nyumbani, chini yake akatia sahihi: Bi Tone. Akatoka zake, akatuacha tumeziba midomo kwa viganja.

Mimi nilifundishwa naye, na baadaye nikarudi shule ileile kufundisha baiolojia, chumba cha pili kutoka kwake. Kati yetu palikuwa na mlango usiofunga vizuri. Kwa hiyo haya ninayosimulia mengine niliyasikia kwa masikio yangu, mengine alinieleza mwenyewe, na mengine alinieleza mdogo wake, ambaye ndiye yaliyempata.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache nje ya darasa. Koti lake jeupe lilikuwa na vitundu pindoni, kila kimoja ni tone la asidi la mwanafunzi fulani. Hakuolewa. Aliishi na mama yake mzazi katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko. Ndugu yake alikuwa mmoja tu, wa kiume, aliyezaliwa yeye akiwa tayari msichana wa kubeba ndoo. Baba yao alipofariki, ni yeye aliyemfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu, kusoma saa, na kumwamkia mtu kabla hajaamkiwa. Yule kijana alipita hata darasani kwake. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mkono wake ulikuwa na kipaji. Mchoro wa chupa na mirija ambao sisi tuliukwangua kama kuku, yeye aliuchora ukatamani kuugusa.

Alipomaliza shule akawa fundi vioo. Kazi yake hasa ilikuwa kutia ukungu: kuchora majani, ndege, au maua juu ya kioo cha mlango au dirisha, kisha kukipaka dawa inayokila kioo juujuu, mpaka mchoro ubaki mweupe na mtu wa ndani asionekane kutoka nje. Mtaa mzima wa karakana ulimwita Ukungu. Ukipita leo katika ofisi za mji ule utakuta milango yake bado ipo, na watu wanaisukuma bila kuitazama.

Sasa nirudi darasani, maana habari hii inaanzia huko.

Kulikuwa na somo moja ambalo Bi Tone alilifundisha kila mwaka kwa furaha isiyojificha, la namba za mtengano. Asidi, alisema, ni kitu kilichobeba haidrojeni na kiko tayari kuitoa. Tofauti ni kiasi cha kutoa. "Asidi kali haikai na kitu. Itie majini tu, inagawa zote, haibakizi hata ya kesho. Asidi dhaifu, jamani, ina mkono wa birika!" Hapo darasa lilicheka, na yeye alingoja kicheko kiishe. "Siki ya jikoni ni asidi dhaifu. Kati ya chembe zake elfu, zinazoachia haidrojeni ni nne hivi. Zilizobaki zimekumbatia mali yao."

Kisha alieleza kwamba kila asidi dhaifu ina namba yake, inayoonyesha upande wa waliotengana na upande wa walioshikana unavyopimana. Namba ikiwa ndogo, ubahili ni mwingi. Ikiwa kubwa, mkono umelegea. Besi nazo zina namba zao, kwa mpango uleule. "Ongeza maji, punguza maji, namba haikusaliti," alisema. "Joto ndilo linaloweza kuisogeza. Ukiondoa waliotengana, wengine watatengana kushika nafasi zao, mpaka mizani irudi." Sentensi hiyo ya mwisho tuliiandika kama tulivyoandika nyingine zote, tukaipigia mstari, tukaifanyia mtihani.

Jumapili moja Ukungu alikwenda kumsalimia mama. Bi Tone alikuwa mezani na rundo la karatasi za mtihani, kalamu nyekundu mkononi. Tajiri wa Ukungu alikuwa ameleta karakana dawa mpya ya majimaji kwenye dumu la plastiki, badala ya ile nzito kama samli waliyoizoea. Ukungu alikuwa amesoma jina kwenye dumu, na lilimkumbusha shule.

"Dada," akasema akiwa amesimama mlangoni, "haidrofloriki ni asidi kali au dhaifu?"

"Dhaifu," akajibu bila kuinua kichwa. "Namba yake ndogo. Imeizidi ya siki, ila bado ni ndogo."

"Kumbe. Basi sawa."

Akaingia ndani kwa mama, wakacheka jambo fulani huko, akala, akaaga. Bi Tone alikumbuka baadaye kwamba alimpungia mkono wenye kalamu.

Wiki hiyohiyo Ukungu alianza kazi ya mlango wa kioo wa ofisi moja kubwa. Walitaka majani ya mgomba kutoka chini hadi juu. Alifanya kazi kwa glavu za kuoshea vyombo, na ya kulia ilikuwa imechanika kwenye ncha za vidole. Mapema asubuhi alihisi unyevu ndani ya glavu. Akaivua, akatazama vidole: vizima. Akavichovya kwenye ndoo ya maji, akafuta kwa kitambaa, akarudi kazini. Fundi mwenzake akamwambia, "We, hiyo dawa imekuingia." Ukungu akamjibu, "Hii haina neno. Ni dhaifu. Ingekuwa ya betri ungeniona juu ya bati."

Aliamini hivyo, na mwili wake ulimuunga mkono, kwa maana hakusikia maumivu yoyote. Alimaliza jani moja, akaanza la pili.

Ilipopita saa ya chakula cha mchana, vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vikaanza kumwasha. Mwasho ukageuka kufukuta. Kufukuta kukawa kitu alichoshindwa kukipa jina. Mwenyewe aliniambia ilikuwa kama vidole vimebanwa na mlango wa lori, na mwenye lori kaondoka na ufunguo. Ngozi juu ilikuwa imepauka tu. Akakimbilia zahanati ya jirani. Mhudumu akaugeuza mkono huku na huku. "Mbona sioni kidonda, kaka?" Akampa vidonge vya maumivu, akamwambia akapumzike.

Mkewe alimkuta nyumbani ameukumbatia mkono, anang'ata ukosi wa shati ili watoto wasimsikie. Akapiga simu shuleni. Nakumbuka mchana ule: niliusikia mlango wa maabara ukipigwa, nikachungulia, nikawaona wanafunzi wamesimama na mirija yao mikononi, mwalimu hayupo, koki moja ikivuja na hakuna wa kuwaambia tone.

Hospitali kubwa ilikuwa na benchi refu la mbao kando ya ukuta. Bi Tone aliwakuta hapo, mdogo wake na wifi yake. Hakupata nafasi ya kukaa. Daktari, mama mfupi mwenye miwani kifuani, alikuwa ameshafika mbele ya Ukungu na kuushika mkono.

"Ulishika nini kazini?"

"Asidi, daktari. Lakini si kali. Ni dhaifu."

"Dhaifu? Nani kakwambia?"

Ukungu akatazama sakafu. Dada yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. "Nilisoma shuleni," akasema.

Bi Tone aliniambia kwamba hapohapo aliona kwamba mdogo wake, katika maumivu yale, alikuwa bado anamfichia.

"Ni mimi, daktari," akasema. "Nilimwambia mimi. Ni haidrofloriki."

Miwani ilipanda usoni. "Imemgusa saa ngapi?"

"Asubuhi," wakasema mume na mke kwa pamoja.

Daktari hakuuliza tena. Aliita wauguzi kwa sauti, akaagiza dawa ya kalsiamu, ya kupaka na ya sindano, akaagiza pia mashine ya kupimia moyo. Wifi, kusikia moyo, akashika tama. "Moyo wa nini tena? Si vidole?" Daktari akamjibu huku anatembea kando ya kitanda: asidi hii haiishii kwenye ngozi. Inapita. Ikifika ndani inakamata kalsiamu, chokaa hiyo ya mwilini, na damu ikiishiwa kalsiamu moyo unaweza kuyumba na kusimama.

Walipomwingiza ndani, Bi Tone alibaki kwenye benchi. Baada ya muda mrefu daktari alitoka, akakaa kando yake kwa uchovu.

"Moyo uko sawa. Vidole siwezi kukuahidi. Unafundisha nini, mwalimu?"

"Kemia."

Daktari alimgeukia. Hakusema kwa ubaya. "Basi unajua kuliko mimi kwa nini imepita."

Akanyanyuka, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Bi Tone alibaki na swali hilo kama mwanafunzi aliyeachwa darasani. Na jibu lilikuja lote, kwa mpangilio, kwa maneno yake mwenyewe ya kila mwaka. Asidi kali hutengana papo hapo, nayo huunguza pale ilipoangukia, mtu akaruka, akakimbilia maji. Lakini asidi dhaifu nyingi yake haijatengana. Chembe iliyoshikana haina chaji ya umeme, na ngozi haina cha kuizuia nayo. Inapenya kimyakimya. Kule ndani kalsiamu inawachukua wale wachache waliotengana. Mizani ikiinama, wengine wanatengana kushika nafasi zao. Nao wanachukuliwa. Wengine tena. Namba ileile ndogo, ile isiyosaliti, ndiyo inayotoa tone kwa tone mpaka asidi yote iishe, au kalsiamu iishe.

"Yote nilikuwa nayo," aliniambia. "Hakuna hata neno moja nililolikosa. Ila sikuwahi kuyaweka kwenye mkono wa mtu."

Ukungu alipona, lakini vile vidole viwili vilikatwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga hawakuwa wakizungumzia asidi, lakini sijaona mahali msemo huo ulipokaa sawasawa zaidi. Fundi mwenye kipaji mkononi alirudi nyumbani na mkono wa kulia uliobaki gumba na vidole viwili vya mwisho.

Wifi yake Bi Tone hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alimpokea mlangoni, akachukua matunda aliyoleta, akasema kwa sauti ya kawaida, "Wifi, watoto wa wenzako wote umewafundisha vizuri." Akaingia jikoni.

Kwa mama yao hakuna aliyesema lililozungumzwa Jumapili ile. Mama alijua ni ajali ya kazini, akaishi hivyo mpaka siku zake zilipokwisha.

Shuleni Bi Tone alifundisha kama kawaida mpaka muhula ulipofika kwenye somo lile. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikawa namsikia kupitia ufa wa mlango. "Asidi dhaifu," akasema, "ina mkono..." Akakoma. Nikangoja kicheko, hakikuja. Nikasikia viti vikisogezwa, amewaruhusu watoke. Nilipoingia alikuwa amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, ubao umeandikwa neno moja tu: dhaifu.

"Mwalimu, unaumwa?" nikauliza.

"Nataka kuacha," akasema. "Naona nimekuwa nawagawia watoto kisu na kuwaambia ni kijiko." Siku hiyo ndipo aliponisimulia mambo yote, tukiwa tumekaa kwenye vile viti virefu vya maabara. Nilimwambia tu kwamba aliyepaswa kusikia maneno hayo si mimi.

Alikwenda kwa mdogo wake Jumamosi iliyofuata. Ukungu alikuwa anajifunza kula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, na wali ulikuwa umemwagika mpaka kwenye mkeka. Bi Tone akachutama, akaanza kuokota punje.

"Acha dada, kuku watakula."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa wali?"

Walicheka kidogo, kicheko chembamba cha watu waliotoka msibani. Kisha akamwambia. Kwamba alimjibu bila kumtazama. Kwamba neno lile halikuwa la uongo, na ndiyo maana linamchoma zaidi, uongo angeufuta.

Ukungu aliweka kijiko chini. "Dada, ningekuuliza, 'Niishike?' ungenijibu dhaifu?"

"Hasha. Ningekwambia usiisogelee."

"Basi sikukuuliza hivyo. Nilikuuliza swali la mtihani, ukanijibu jibu la mtihani. Tajiri kanipa glavu mbovu, mimi nimezivaa, wewe umejibu. Tumeshika wote huu mzigo." Akautazama mkono wake. "Ila ungeinua kichwa, dada. Hilo tu. Ungeinua kichwa ungeniona nimevaa nguo za kazi, nimeshika picha ya mlango."

"Sikuinua."

"Hukuinua."

Bi Tone alisema alilia njia nzima kurudi, lakini kwamba maneno hayo yalimfaa kuliko msamaha mtupu. Yalimpa mahali pa kushika.

Hakuacha kazi. Alilibadilisha somo. Namba ziliendelea kuwa zilezile, hesabu zilezile, ila kila mwaka kabla ya hesabu aliandika maneno mawili ubaoni, dhaifu na salama, akauliza nani anaweza kuthibitisha kwamba ni ndugu. Watoto walijaribu, naye aliwapa siki wajionee kwamba haidhuru, kisha akawaeleza habari ya fundi wa vioo. Hakusema fundi alikuwa nani mpaka mwisho, na alipomtaja hakujiondoa: "Ni mdogo wangu, na aliyemwambia ni dhaifu ni mimi." Lile somo lilichukua muda mrefu zaidi ya ratiba. Mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Mwalimu, hili la hospitali halimo kwenye mtihani."

"Najua."

"Wazazi wanataka alama."

"Na mimi nataka watoto wao warudi na vidole vyao, mkuu. Nitawapa vyote viwili, Mungu akipenda."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa haki. Alikuna kidevu, akasema, "Haya. Ila usinichelewee na mada za mwisho." Hakuchelewa. Alikuwa akifundisha Jumamosi.

Nusu nyingine ya kazi hiyo aliifanya na Ukungu. Alikwenda kwa yule daktari mfupi, na daktari akampeleka kwa mfamasia wa hospitali, ambaye alimweleza namna ya kupata dawa ya kupaka ya kalsiamu. Kisha ndugu hao wawili wakaanza kuupita mtaa wa karakana, mlango kwa mlango: wanaotia vioo ukungu, wanaong'arisha ringi za magari, wanaosafisha vyuma vya pua. Tajiri wa zamani wa Ukungu aliwafukuza mara ya kwanza. "Mmekuja kunichafulia kazi?" Ukungu hakubishana. Aliweka mkono wake juu ya meza ya tajiri, mbele ya mafundi, akauacha pale. Tajiri aliuangalia, akaangalia pembeni. Mara ya pili waliingia bila kuzuiwa, na glavu nene zilikuwa zimetundikwa ukutani.

Ujumbe wao ulikuwa mfupi: ikikugusa usingoje kuuma, osha kwa maji mengi yanayotiririka, paka dawa, nenda hospitali, na ukifika taja jina lake lote. Bi Tone aliwafundisha mafundi kulitamka. Walimcheka, wakalirudia kama wimbo, akawaacha wacheke alimradi walishike.

Miaka mitatu au minne baadaye, mama mmoja aliyesafisha ringi za magari alimwagikiwa kiganjani. Hakusikia maumivu. Alitaka kuendelea, kwa sababu mteja alikuwa anangoja. Wenzake wakamvuta kwenye bomba, wakampaka, wakampakia garini kwa nguvu huku akilalamika kwamba wanamtia aibu kwa kitu kisicho na kidonda. Maumivu yalimkuta akiwa kitandani, sindano imeshaingia. Mkono wake wote upo. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anamenya viazi mlangoni kwake na kugombana na jirani.

Ukungu hakurudi kuishika dawa. Alijifunza kuchora kwa mkono wa kushoto, na michoro yake ya sasa ina mtetemo kidogo kwenye mistari mirefu. Wengine wanaipenda zaidi. Yeye haipendi, na hajifanyi anaipenda. Anachora, wengine wanapaka, na yeye anakaa kando akiwatazama mikono.

Bi Tone amestaafu. Anaishi katika nyumba ileile nyuma ya soko, na Ukungu huja kula kwake siku za Jumapili, watoto wake wakimfuata. Wifi huja naye mara mojamoja. Anamwamkia kwa adabu zote, anasaidia kuosha vyombo, anauliza hali. Lakini tangu siku ile hajawahi tena kumuuliza jambo lolote la kutegemea jibu lake. Nilimwambia Bi Tone kwamba huenda siku moja atalainika. Akatikisa kichwa.

"Mwache," akasema. "Ni haki yake."